Konokono wa Kambove

Cité Albert, Élisabethville
8 Februari 1953

Mdogo wangu Stanislas,

Nakusalimu wewe na mke wako Mwansa, na wote wanaokula kwenye chungu chenu huko Kambove. Sisi tu wazima. Adalbert mume wangu anakohoa tangu mvua zilipozidi, lakini kazini anakwenda. Binti yako Agnès anakula kuliko mimi na mume wangu tukijumlishwa, na sista wa darasa la tano amemsifu kwa hesabu mbele ya wenzake wote. Nimeanza na habari za mtoto ili usije ukasema nakuficha mambo yake. Wewe tangu Noeli hujaniandikia hata mstari mmoja. Mkono umevunjika?

Sasa neno lenyewe. Yule Mzungu wa mtaa wa Makomeno ambaye Adalbert alikuwa karani wake amerudi kwao moja kwa moja, na alipoondoka alimwachia sanduku lake la kioo, akwariamu, lenye maji na samaki wadogo ndani. Liko sebuleni kwangu. Watu wakipita barabarani wanachungulia dirishani, na mimi nawaacha wachungulie. Unajua Adalbert ameomba ile kadi ya serikali ya watu waliostaarabika. Wanaoitoa wanakuja nyumbani kwa mtu kutazama vitanda, vijiko, hata choo, na hawasemi siku watakayokuja.

Lakini kioo kimeota utelezi wa kijani. Samaki hawaonekani. Kule Makomeno kioo kilikuwa kinang'aa kwa sababu Mzungu alikuwa na konokono wadogo wa majini wanaolamba utelezi mchana na usiku, na waliobeba sanduku wakawamwaga pamoja na maji. Kijito cha kwetu hapa ni cha kufulia nguo, sabuni tupu, hakina hata chura. Kwenu kuna maji mengi. Niletee konokono. Sijakuomba dhahabu.

Dada yako,
Victorine


Kambove
1 Machi 1953

Yaya Victorine,

Mkono haujavunjika, dada yangu mkubwa, umechoka. Asante kwa salamu. Mwansa anakusalimu naye, tumbo lake limekuwa kubwa na anangojea mwezi wa saba. Mvua imeangusha ukuta wa jiko letu. Nafurahi kusikia habari ya hesabu za Agnès. Mwambie baba yake amecheka peke yake kazini hadi wenzake wakamuuliza ana nini.

Kuhusu hao konokono wako, nimesoma barua mara mbili nikidhani unatania. Natoka kwenye shimo la shaba nimejaa vumbi hadi masikioni, halafu niiname kwenye matope kumtafutia dada yangu wadudu wa kupamba sebule! Shemeji Adalbert anataka kadi, na mimi ndiye ninayelowa.

Haya, nimewatia kwenye kopo la maziwa, juu yao majani mabichi ya mtoni, kifuniko nimekitoboa. Mulenga anayefanya kazi kwenye treni atakuletea mkononi. Usichelewe kufungua.

Neno moja na unisikie vizuri. Agnès yuko kwako kwa ajili ya shule. Sitaki awe mwosha vioo.

Stanislas


Élisabethville
22 Machi 1953

Stanislas,

Hapa tu wazima, ila pua zetu. Konokono wako wamekufa wote. Walitambaa kidogo, wakajikunja, wakaanguka chini, na maji yakawa meupe na kunuka. Padri alikuja kutusalimu Jumapili, akakaa kitini, akanusa, akasimama, akasema ana mgonjwa wa kumtembelea. Hakuna mgonjwa! Nilimwona mimi mwenyewe akisimama kuzungumza barabarani.

Usiniambie kosa ni langu. Maji yalikuwa safi, yamelala usiku mzima kwenye pipa kama Mzungu alivyofanya. Mchanga niliuosha mpaka mikono ikauma. Adalbert amesimamisha katikati ule msalaba wa shaba, fedha ya wazee, uliotolewa kwa mahari ya mama yetu, na samaki wanauzunguka, unapendeza sana. Umeniletea konokono wagonjwa kwa sababu ulikuwa na hasira ulipokuwa ukiwaokota. Wewe tangu utoto ukitumwa kitu unakifanya vibaya ili usitumwe tena.

Lete wengine.

Victorine


Kambove
6 Aprili 1953

Yaya,

Pasaka njema kwenu. Sisi tumekula kuku mmoja, mgumu.

Mahari ya mama yetu umeitia majini na samaki? Mjomba akisikia atakuja na fimbo, na mimi nitamlipia tiketi. Utoe huo msalaba leo hii. Umewaua mwenyewe kwa hiyo shaba. Mimi nalala na shaba na kuamka na shaba, na nakuambia, yale maji ya kijani yanayotoka kwenye mawe hayana hata kiluwiluwi. Kila mtoto wa hapa anajua. Ninyi wa mjini mmesahau hata shaba ni kitu gani.

Mwaga maji, osha kila kitu, anza upya. Mulenga anakuletea kopo jingine. Safari hii ni wadogo, wa rangi ya udongo, na ni wengi. Nimewachota mahali pazuri, usiniulize tena.

Stanislas


Élisabethville
24 Mei 1953

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwa Mwansa, nampelekea kitambaa cha kumbebea mtoto. Adalbert ameacha kukohoa.

Sitakuambia ulikuwa na haki juu ya shaba, usije ukavimba kichwa. Nakuambia tu kwamba konokono ni wazima na kioo kinang'aa. Wameshataga. Mayai yao yamenata kwenye kioo, yako ndani ya ute kama wali uliolainika mno, na ukitazama kwa makini unaona vitoto vinazunguka. Jirani zangu wanakuja kila jioni. Mama mmoja aliniuliza kama wanaliwa.

Anayewajua zaidi ni Agnès. Siku ya kwanza alipiga kelele nyumba nzima, "Mama Senge, angalia, beko banalamba kioo na mudomo!" Mama Senge, ndivyo anavyoniita mimi shangazi yake, na nikisikia vile siwezi kumkataza kitu. Anawachovyea jani la lengalenga, mchicha wa kwetu, kwenye maji ya moto ili lilainike, na baada ya muda analitoa, maana likikaa linaoza. Anawasagia maganda ya mayai ili nyumba zao zisiwe na matundu. Aliyekufa anamtoa upesi kabla hajanuka. Alhamisi hakuna shule mchana, basi anaingiza mikono hadi viwikoni, anapangusa, na anavuta maji machafu kwa mpira mpaka yanamfika mdomoni, anatema, anacheka. Usinune. Hakuna aliyemlazimisha.

Dada yako,
Victorine


Kambove
14 Juni 1953

Yaya,

Tu wazima, Mwansa anavimba miguu.

Nimenuna. Nilisema asiwe mwosha vioo, na wewe umeniandikia ukurasa mzima jinsi anavyoosha vioo. Shule ikifungwa mpakie kwenye treni na Mulenga. Mama yake atakuwa na mtoto mchanga na anamhitaji.

Stanislas


Kambove
19 Julai 1953

Victorine,

Mwansa amejifungua salama, ni mvulana, tumemwita Faustin. Hiyo ndiyo habari njema na imekwisha.

Nimekwenda stesheni treni ikaja, Agnès hayumo. Nikadhani amechelewa, nikarudi treni nyingine ilipokuja, hayumo. Mulenga anasema alipita kwako kumchukua, ukamfungulia mlango nusu, ukamwambia, "Mutoto haendi." Kwa nini haendi? Ni mgonjwa? Ni mzima? Barua moja ya maneno mawili ingekushinda? Mama yake amelala na mtoto kifuani na kila siku ananiuliza mimi, kana kwamba nimemuuza.

Nijibu.

Stanislas


Élisabethville
2 Agosti 1953

Mdogo wangu,

Mungu amkuze Faustin, na amrudishie Mwansa nguvu. Nimefurahi kwa moyo wote, na ningefurahi zaidi kama ungejua kuandika barua bila kupiga watu.

Agnès hatakuja likizo hii. Mtoto amekua. Wewe ni mwanamume na mimi ni dada yako, kuna maneno ambayo kalamu haiandiki kati yetu. Mwambie Mwansa hivyo hivyo, "amekua," yeye ataelewa. Mambo haya ni kazi yangu mimi shangazi, tangu kwa bibi zetu, na sikuomba ruhusa kwa mtu. Nimemwita Mama Chileshe, nachimbusa anayefundisha wasichana wanaokua, na mtoto yuko katika chumba cha nyuma. Haonekani nje, hasemi mbele ya wakubwa, anafundishwa. Hatupigi ngoma kwa sababu ya padri na kwa sababu ya watu wa kadi. Tunaimba taratibu, tunapiga sufuria kwa viganja.

Nilidhani utafurahi. Wazazi wengine hutuma kuku.

Victorine


Kambove
16 Agosti 1953

Victorine,

Kuku sina. Nina swali. Mtoto ana miaka kumi na miwili, kifua chake ni kama cha mvulana, na wewe unasema amekua! Mwansa anasema yeye mwenyewe alichelewa, na mama yake alichelewa. Anasema pia kwamba mama ndiye huambiwa kwanza, kabla ya nachimbusa, kabla ya sufuria. Yeye ameambiwa kwa barua, na mimi mumewe ndiye niliyemsomea, nikiwa natazama chini.

Mulenga amenieleza na jingine ulilolisahau. Kuna dereva mmoja, Bwalya, mtu mzima mwenye nywele nyeupe masikioni, ameonekana kwako na kitenge na kuku. Nilidhani kuku wanatoka kwa wazazi. Kumbe mchumba umeshampata. Nilikupa mtoto umsomeshe, na wewe umegeuka kuwa soko.

Septemba shule inafunguliwa. Agnès awe darasani siku hiyo. Hilo siombi.

Stanislas


Élisabethville
20 Septemba 1953

Stanislas,

Sikuulizi habari za nyumbani kwa sababu hukuniuliza zangu.

Soko? Mimi? Nani alimfundisha huyo mtoto kushika sindano, kuvaa viatu, kusema "bonjour" bila kuficha uso? Ulimleta hapa akiwa na chawa. Bwalya ni mtu wa kanisa na ana kazi, na sijampa neno, nimepokea tu kitenge, maana kumrudishia mtu kitenge mlangoni ni matusi. Shuleni hajakwenda. Hajatolewa chumbani, na hatatolewa mpaka mambo yake yatengemae. Sista ameshampa mtoto mwingine kiti chake. Usinipigie kelele, nimelia vya kutosha.

Watu wa kadi walikuja. Walitazama sanduku la kioo muda mrefu kuliko vitanda, mmoja akaita wenzake waone konokono wanavyopanda. Adalbert atapewa kadi. Chumba cha nyuma niliwaambia ni stoo.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo linaloninyima usingizi. Mambo ya wanawake huja na kuisha. Ya Agnès hayaishi. Ni miezi mitatu sasa. Kila akienda kule nyuma ya nyumba anarudi ameinamisha kichwa na ni yale yale. Amekonda. Mama Chileshe ametazama na kufikiri, akasema, "Kuko mutu wa jamaa anashika hasira mu roho. Batate yake. Ile hasira njo inamufunga mutoto." Ni hasira yako wewe baba yake, Stanislas. Umekaa huko Kambove na kinyongo chako na mtoto anaisha. Chukua maji mdomoni, useme umemwachilia, uyateme chini kama baba zetu walivyofanya. Sema hata kama hunipendi. Fanya kwa ajili yake.

Victorine


Kambove
27 Septemba 1953

Victorine,

Maji nimeyatema. Nimeyatema mbele ya Mwansa na nikasema maneno yote, ili usipate pa kujificha. Sasa Mwansa ana swali kwako, na naliandika kama alivyolisema, aibu tuiweke kando. "Ile damu inatoka saa yote, ao inatoka tu wakati anakojoa?"

Jibu hilo tu. Nakuambia kwa nini. Kwenye nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna Chomba, na mtoto wake wa kiume anakojoa damu tangu mwezi wa tano. Wapo watoto wengine kama yeye hapa kambini kwetu wachimbaji, wavulana kwa wasichana. Kapya, mganga wa dispensari, anasema ni minyoo inayotoka kwenye maji na kuingia kupitia ngozi. Anasema minyoo hiyo inalelewa na konokono.

Mtoto wa Chomba ni mvulana, Victorine. Tumwite Mama Chileshe naye amwimbie?

Stanislas


Élisabethville
18 Oktoba 1953

Kwa Stanislas na Mwansa,

Anapokojoa tu. Nilikwenda kumuuliza barua yako ikiwa bado mkononi. Akanitazama, akanijibu kwa sauti ndogo, "Nilikuambiaka, Mama Senge. Siku ya kwanza. Nilisema inauma wakati ninakojoa, ukaniambia, nyamaza, sasa uko mwanamuke." Ni kweli alisema. Mimi niliona nguo yake tu, na niliona kile nilichokuwa nakingojea. Na baada ya hapo tulimfundisha kwamba msichana aliyekua hasemi mbele ya wakubwa. Alijifunza vizuri, kama anavyojifunza kila kitu.

Nimempeleka hospitali asubuhi yake. Wametazama mkojo kwa kile kioo chao cha kukuza. Daktari akauliza anaoga mto gani. Nikasema haogi mtoni, anaoga kwenye beseni kama watu. Akauliza anachezea maji gani basi. Nikarudi nyumbani nikaleta konokono kwenye chupa. Aliwaacha juani kidogo, akatia tone la maji yale chini ya kioo chake, akaniita nitazame. Vidudu vyenye mkia uliopasuka, vinacheza. Alisema vinaingia mtu akitia mkono tu, na havisikiki.

Anachomwa sindano za mshipani, anatapika, mshipa unavimba, wanatafuta mwingine. Halii. Afadhali angelia.

Nimemwagia sanduku maji yanayochemka, na samaki ndani. Adalbert hajanisemesha tangu siku hiyo. Kitenge cha Bwalya nimekirudisha, na ametukana kutoka mlangoni hadi barabarani.

Najua ninachostahili na utakiandika mwenyewe. Lakini na mimi nina swali, lile ulilonikataza tangu mwanzo. Hao konokono wa pili uliwachota wapi?

Victorine


Kambove
1 Novemba 1953

Victorine,

Faustin ana meno mawili.

Sindano zikiisha mtoto apande treni, na nitakuwa stesheni. Hatarudi kwako. Nguo za chumba cha nyuma mlizomvika zibaki huko huko.

Sina la kuongeza.

Mwansa amesimama nyuma yangu na anasema kalamu haitoki mezani mpaka niandike hili. Walitoka kwenye bwawa la nyuma ya kambi, pale ambapo Kapya alikuwa amekataza watoto wasioge. Alikataza kuoga, hakusema kitu juu ya konokono, na mto ni mbali na nilikuwa nimechoka. Nimeandika. Mwansa ameondoka.

Stanislas


Élisabethville
13 Desemba 1953

Stanislas,

Anakuja na Mulenga Jumamosi. Mkojo ni safi, daktari ametazama mara ya mwisho. Nimemfungia mkate na maandazi, na madaftari yake yote.

Umechoka, unasema. Kwa hiyo mimi ni mjinga na wewe ulikuwa umechoka. Ungeniandikia neno "bwawa" katika barua ya Pasaka, Adalbert aliyesoma vibao vyote vya hospitali juu ya maji angejua. Uliniandikia "mahali pazuri." Nikifikiria nashikwa na hasira, halafu nakumbuka sufuria nilizopiga kwa mikono yangu hii, basi hasira inanigeukia mwenyewe.

Hakuniaga. Alisema "ndiyo, Mama Senge" kwa kila nililomwambia.

Victorine


Kambove
14 Machi 1954

Yaya Victorine,

Nakusalimu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana ninakusalimu kwa kutaka. Mwansa ni mzima, Faustin anatambaa hadi barabarani. Agnès anasoma hapa kambini, yuko mbele ya wenzake kwa hesabu. Nyumbani hasemi. Akiingia mtu mzima, yeye anapiga magoti, anatazama chini, kama mlivyomfundisha, na mimi baba yake nimeshindwa kumwondolea.

Naandika kitu ambacho mwanamume hamwandikii dada yake. Tulikuwa na adabu nzuri sana sisi wawili mwaka jana, na unajua ilitufikisha wapi.

Alhamisi Agnès alikwenda dispensari peke yake. Hakumwambia mama yake, hakumwambia mtu. Alipanga foleni na wagonjwa, alipofika mbele akakunja mkono wa gauni na kumnyooshea Kapya mkono. Kapya akamuuliza, "Unataka nini, mutoto?" Akasema, "Sindano." "Ya nini?" "Damu inarudia. Usiambie mutu."

Kapya ni mtu wa kazi yake. Alichukua mkojo wake, akautazama, hauna kitu. Akamuuliza maswali mawili matatu, akaelewa, akamwita Mwansa.

Haukuwa ugonjwa, Yaya. Safari hii ni yenyewe. Imekuja kwa wakati wake, kama ilivyomjia mama yake, na mtoto alikuwa ameshika mkono wake mwenyewe kwa nguvu ili mshipa utokeze, maana aliona wanavyofanya.

Mwansa alimkalisha kitandani akamweleza kwa upole kwamba sasa ndiyo amekua kweli, asiogope. Nilikuwa nje ya mlango, nikasikia. Agnès alimwambia, "Hata ile ya kwanza mulisema njo yenyewe."

Tangu siku hiyo mtoto anaosha nguo zake usiku na kuzianika chini ya kitanda, na Jumatatu alirudi tena kwa Kapya na mkono umekunjwa. Haamini tunayomwambia. Anadhani anaisha, na kwamba sisi tunaimba tu.

Bado nina hasira na wewe. Nina hasira na mimi mwenyewe pia, na sijui ipi inatangulia. Lakini kazi hii ni ya shangazi, na wewe ndiye uliyemwambia yasiyo kweli, kwa hiyo wewe ndiye utakayemwambia yaliyo kweli. Usije na Mama Chileshe. Usilete nguo wala kuku wala wimbo.

Nimemwambia kwamba nakuita. Amesema hataki kukuona.

Njoo hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Stanislas